Kwa mabinti zetu, hatari ni mimba tu

Jumapili alfajiri, saa kumi na moja kasoro, simu inaita. Hapa Uyole, Mbeya, saa hizo baridi inakata, mkono hautaki kutoka kwenye blanketi. Ni binti wa dada yangu, mwaka wa pili chuo Iringa. Simu ya mtoto saa kama hiyo unaipokea na moyo umeshadunda.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Kuna nini?"

Kimya. Kisha akanong'ona, maana wenzake walikuwa wamelala: "Nikinywa P2 leo, na mwezi uliopita nilikunywa, kweli nitakuja kuzaa?"

Nikamwambia atazaa. P2, hiyo dawa ya dharura ya kuzuia mimba, haiharibu kizazi. Inachelewesha yai kutoka, basi; mimba ikishatunga haina la kufanya. Inaweza kuvuruga siku zake, na kama anaihitaji kila mwezi basi zipo njia za uhakika zaidi. Nikamuuliza kama walitumia kondomu. Hapana. Mwenzake amepima? Hajui. "Nilikuwa kwenye siku za hatari, mama mdogo. Hicho ndicho kinanitisha."

Siku za hatari! Nimelibeba neno hilo wiki nzima. Mabinti wetu wana hesabu ya siku zipi ni salama na zipi ni za hatari, wanafundishana kwenye korido za hosteli, na katika hesabu hiyo hatari ni moja tu: tumbo kukua. Siku nyingine zote wanaziita salama. Na wanazihesabu hapa kwetu, Nyanda za Juu Kusini! Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwenye mkoa wenye namba kama hiyo, siku salama ni ipi?

Linaloniuma zaidi ni hili. Muulize binti yeyote wa chuo P2 inanywewa ndani ya muda gani, atakujibu usingizini: saa 72. Sasa muulize kuhusu PEP, dawa za kumkinga mtu asipate VVU baada ya kukutana na mtu bila kinga. Wengi watakukodolea macho. Nazo mwisho wake ni saa 72 hizo hizo! Kadiri unavyowahi ndivyo bora, kisha unameza siku 28 bila kuruka. Binti anakimbia duka la dawa akihesabu saa, anameza P2, anashusha pumzi, anarudi kulala. Saa zinaendelea kuhesabika na hakuna aliyemwambia. P2 haizuii virusi hata kimoja.

Nami nimepita huko. Tulikuwa wanne chumba kimoja Kihesa, Iringa, tunaongea hadi usiku wa manane: kijiti, sindano, kitanzi, nani kanenepa. Maneno hayakutuishia. Lakini yalipofika kwenye ugonjwa, sauti ilishuka na kila kitu kikawa yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kuwashwa, yutiai. Uchafu wenye harufu, yutiai. Mwenzetu mmoja aliumwa chini ya kitovu karibu mwezi mzima. Alinunua rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, muuzaji akamfungia kwenye karatasi ya kaki, akazificha ndani ya kopo la sukari. Alikuwa anachovya kijiko, anatoa kidonge kikiwa na chembe za sukari, anameza. Alipokuja kupimwa ilikuwa kisonono. Sisi watatu tulikuwa tukimchemshia maji ya kunywa "asafishe mkojo", na hakuna aliyethubutu kumwambia akapime.

Nakubali, hofu ya mimba haikuanguka kutoka mbinguni. Baba kauza magunia ya viazi ili ada ipatikane, na tumbo linaonekana na kila mtu, kijijini na kanisani. Virusi havionekani. Na sisi wakubwa ndio tuliowatisha kwa mimba tangu darasa la sita, tukaishia hapo. Hata kwenye kicheni pati tunamfunda binti namna ya kumpokea mume. Hakuna anayesimama kumwambia ampime kwanza.

Turudi kwa mwanangu. Walikutana Ijumaa usiku. Tukahesabu pamoja kwenye simu, saa 30 zimekwisha. Nikamwambia: P2 meza sasa hivi, kukipambazuka nenda hospitali ukaombe PEP, usingoje Jumatatu. Akalia kidogo. Akaniuliza atasemaje dirishani watu wakiwa nyuma yake. Tukayafanyia mazoezi hayo maneno, mara tatu, mpaka akayatamka bila kunong'ona.

Saa saba mchana akaniandikia. Wamempima, wamempa dawa, amepangiwa kumeza saa tatu usiku kila siku na tarehe ya kurudi kupima. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Wenzake wa chumbani wamemuuliza zile dawa ni za nini. Amewaambia ni za yutiai.