Saini Yangu Haikuwa ya Kukubali Kulipa

Karatasi ilianza kuzungushwa kabla mkutano haujaanza. Ilikuwa fulskepu yenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, namba ya simu, saini. Juu hapakuandikwa kitu. "Mwalimu, hii ni ya nini?" niliuliza. "Ni ya mahudhurio tu, mama," akanijibu kwa upole. Nikatia saini. Jirani yangu, ambaye hakupata kusoma, akachovya kidole gumba kwenye wino na kukibonyeza chini ya jina langu.

Wiki mbili baadaye watoto wetu walirudi nyumbani saa nne asubuhi. Walikuwa wametumwa shilingi 800 kila mmoja, za madawati, karatasi za mtihani na mshahara wa mlinzi. Nilikwenda ofisini kuuliza ni nani aliyeamua. Nikaonyeshwa kumbukumbu za mkutano, zimepigwa chapa vizuri, zinasema wazazi walikubaliana kwa kauli moja. Nyuma yake, imeshikizwa kwa pini, ile fulskepu. Saini yangu ilikuwa ya kumi na saba.

Ni kweli suala la pesa lilitajwa siku ile. Lilitajwa mwishoni kabisa, kwa Kiingereza, nusu ya wazazi wakiwa wameshaondoka kuwahi vibarua. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali.

Shule siitaji jina, kwa sababu sitaki mwanangu alipie maneno yangu. Hofu hiyo tunayo wengi hapa Mathare, Nairobi. Mzazi ana swali kooni, lakini akifikiria mtoto atakavyotazamwa darasani kesho yake, analimeza. Nimelimeza miaka mitatu, na ninajuta.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba hata kama wazazi wote tungeinua mikono, uamuzi ule usingetosha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza karo katika shule ya umma. Michango mingine inaweza kutozwa, lakini kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Jumuiya ya wazazi kazi yake ni kujadili na kupendekeza. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa sababu mchango haujalipwa, na kwamba pesa zisikusanywe bila risiti rasmi. Watoto wetu walikosa masomo siku mbili. Waliolipa hawakupewa risiti. Majina yao yaliwekewa alama ya vema kwenye daftari.

Na jumuiya hiyo ya wazazi si kikundi cha kuombwa uanachama. Mtoto akisajiliwa tu, wewe ni mmoja wao. Katika bodi ya usimamizi ya shule, sheria inatoa nafasi sita kwa wawakilishi waliochaguliwa wa wazazi, na hakuna kundi lingine lenye nafasi nyingi kiasi hicho. Mdhamini wa shule ana tatu. Katika mtaa wetu nimeuliza wazazi zaidi ya ishirini wanitajie hata mmoja wa wale sita wa shule yetu. Hakuna aliyeweza. Mimi pia sikuweza.

Husemwa kwamba wazazi wa mitaa kama yetu hawajali masomo. Maneno hayo yananiumiza sana. Mikutano huitwa Jumatano saa tatu asubuhi. Jirani yangu ni mama fua. Asipofika Eastleigh mapema, nguo zinachukuliwa na mwingine, na jioni hapikwi kitu. Siku ile ya fulskepu alikuwa ameacha kibarua ili aje kusikiliza. Usiku hukagua daftari la mtoto kwa tochi ya simu: hajui kilichoandikwa, lakini anahesabu vema, kisha anahesabu makosa, kisha anauliza mbona leo makosa yamezidi. Anayemwona mama huyo na kusema hajali hajafika kwake.

Simchukii mwalimu mkuu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Baadaye ikawa 1,420. Darasa la mwanangu lina watoto 84, kwa hiyo ni shilingi 119,280 za mwaka mzima, na mara nyingi hufika zimechelewa na kwa vipande. Mlinzi anataka mshahara wake mwisho wa mwezi, stima haisubiri. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile nisingelala. Lakini basi atuambie! Abandike kwenye ukuta wa lango kiasi kilichoingia, tarehe kilipoingia, na kilikokwenda. Mzazi akiona pengo kwa macho yake, hata mwenye hamsini ataileta, na asiye nayo atakuja Jumamosi kukarabati dawati.

Kuuliza pesa hizo si utovu wa adabu. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, na afisa ndiye anayetakiwa kuyaandika maneno yake. Hili nilimsomea jirani yangu mara mbili, naye akaniomba nirudie mara ya tatu.

Jumapili iliyopita tumeandika barua. Tunaomba mikutano ihamishiwe Jumamosi alasiri, izungumzwe kwa Kiswahili, na hesabu za muhula uliopita zibandikwe langoni. Juu ya karatasi ya saini tumeandika kwa herufi kubwa: HAWA NI WAZAZI WANAOOMBA MAMBO MATATU. Tumefika 31. Jirani yangu alitaka kwanza asomewe kichwa hicho, neno kwa neno, ndipo akachovya kidole.