Dalali wa Houston kaanzia mlangoni, wetu anaanzia kijiweni

Jumamosi kagonga mlango kijana, shati jeupe kachomekea, kadi mkononi. Niko Houston, Texas, nyumba ya kupanga, nikadhani ni watu wa dini. Kumbe dalali, leseni yake bado mbichi, anauliza kama nafikiria kuuza nyumba au namfahamu jirani anayefikiria. Nikamwambia mimi mpangaji. Hakununa. Kaacha kadi, kaenda mlango wa pili, na jua lile.

Kaniharibia usingizi, ila wivu ulinishika. Texas unasoma saa 180, unafanya mtihani, kisha unafanya kazi chini ya dalali mkubwa anayekudhamini. Baada ya yote hayo huna hata nyumba moja ya kuuza, unaisaka. Wengine huwapigia watu ambao mkataba wa kuuza umeisha na nyumba haijapata mteja. Wengine huwafuata waliosimika kibao wenyewe bila dalali, au hushinda wikiendi kwenye nyumba inayouzwa na dalali mzoefu, wakipokea wanaokuja kuangalia, ili nao wajulikane. Lakini kote huko lazima umfikie mwenye mali, atie saini: unaniuzia wewe, bei hii, kamisheni hii, mpaka tarehe fulani. Ndipo nyumba inawekwa kwenye mtandao wao wa pamoja, madalali wote wanaiona kwa bei moja.

Sasa njoo Mbeya. Nilisema tu natafuta nyumba Isyesye, simu ikajaa picha. Nyumba ileile, bati la bluu, kitenge kilekile cha njano kimeanikwa kambani, kila dalali na bei yake. Huyu milioni 45, yule 52, mwingine 60 "maongezi yapo". Kila mmoja kaisikia kwa mwenzake kijiweni, kaweka cha juu, karusha. Mwenye kitenge sidhani kama ana habari. Halafu tunajifanya kushangaa kuta zimeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI. Na bado hujatoa hela ya kuonyeshwa chumba ambacho kina mpangaji tangu mwezi uliopita!

Nishawasikia: "Kashiba baga, sasa anatuona washamba." Jamani, sijamdharau mtu. Dalali wa Mwanjelwa anajua mtaa gani gari halipandi masika, bomba gani halitoi maji, na ndugu gani hawasalimiani kwa sababu ya nyumba ya marehemu. Yule kijana wangu hakujua hata kwamba anagonga kwa mpangaji. Na msidhani huku ni malaika. Kuna madalali wanaopekua mafaili ya mirathi mahakamani kutafuta nyumba za waliofariki. Wetu angalau anakuja msibani, anakaa na watu. Mwaka 2024 chama chao kikubwa cha madalali kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za kamisheni. Kwa hiyo tamaa ipo kote, tusidanganyane.

Ninachogombea ni ile saini tu. Mtaniambia kwetu hali ngumu, kijana hana mtaji. Mtaji gani? Karatasi ya makubaliano inachapwa steshenari yoyote pale Mafiati kwa hela isiyofika sahani ya chipsi. Dalali mpya wa Uyole apige hodi, amwamkie mzee, aulize bei anayotaka yeye mwenyewe, na mama naye aitwe akae hapo hapo. Hilo la mama sikulitoa Marekani: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Wasaini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, asilimia ya dalali iandikwe peupe badala ya cha juu. Akishafanya hivyo, hata mimi wa mbali nitamlipa bila kunung'unika.

Na wewe unayejiandaa kuniambia "rudi basi ufungue ofisi", sawa, nitarudi. Nitafutie kwanza nyumba Isyesye ambayo mwenyewe anajua kwamba inauzwa.