Siri na Ufunguo: Nani Mwenye Haki ya Kuifungua SSD Iliyokufa?

"SSD ikifa imekufa, hakuna cha kuokoa." Kauli hii kuhusu SSD, diski ya kompyuta inayotunza data kwenye chipu, utaisikia kwa wauza kompyuta wa Kariakoo na Luthuli Avenue, na utaisikia pia kwa wahandisi waliosoma sana. Wana sababu zao, nami nitafika huko. Ila kauli hiyo imewaumiza watu wawili: mwenye data, anayekata tamaa mapema, na fundi wa kuokoa data, anayeonekana tapeli kila anapotaja bei. SSD nyingi zinazogoma ghafla, zile ambazo kompyuta haizioni tena au inaziona kwa jina la ajabu, bado zina data yote ndani ya chipu. Kilichopotea ni ramani.

SSD haina sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea. Kidhibiti chake, yaani chipu inayoiendesha, huhamisha data huku na huko ili seli, vijisehemu vya chipu vinavyobeba data, zichakae kwa usawa, na kila kipande kilipolazwa huandikwa kwenye jedwali. Umeme ukikatika jedwali hilo likiwa linaandikwa, linaweza kuvurugika, na kidhibiti kisichoielewa ramani yake hukataa kazi. Diski za bei nafuu zenye kidhibiti cha Phison S11 zikifika hapo huacha kutaja chapa yake na kujitambulisha kama SATAFIRM S11. Mwaka 2011 SSD za Intel za toleo la 320 zilikuwa na kasoro ya namna hiyo: baada ya umeme kukatika vibaya, diski ya GB 160 ilijitangaza kuwa ya MB 8. Chipu zilikuwa nzima. Njia ya kuirudisha kazini ilikuwa kuifuta yote.

Kisa ninachokirudia kila mjadala huu unapozuka ni cha Novemba 2019. Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya SSD za seva zake zitakufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Anayejua hesabu za kompyuta anaitambua namba hiyo papo hapo: kihesabio cha biti 16 kinachobeba namba hasi na chanya hukomea 32,767. Saa moja zaidi na diski imekwisha. Tangazo lilisema wazi kwamba baada ya hapo diski haitarejea wala data haitarejea, na kwamba diski zilizoanza kazi pamoja huenda zikafa karibu kwa wakati mmoja. Fikiria maana yake kwa hospitali au benki iliyopanga diski sita kwenye seva moja, ili moja ikifa nyingine zishike nafasi yake. Zilinunuliwa pamoja, zikawashwa asubuhi moja. Kinga yote ya kuwa na diski nyingi inayeyuka ndani ya saa ile ile, na hakuna seli hata moja iliyochakaa kupita kiasi. Kwa haki ya kampuni, ilitoa rekebisho mapema, na aliyelisakinisha kabla ya saa yake aliokoka. Machi 2020 likaja tangazo la pili la diski nyingine, safari hii kikomo kikiwa saa 40,000.

Sasa linganisha na SSD za Crucial m4. Diski hizo zilipofikisha saa 5,184, sawa na siku 216, ziliganda. Ukiwasha upya zilifanya kazi kama saa moja, zikaganda tena. Mzizi ulikuwa wa aina ile ile, kihesabio cha saa. Januari 2012 kampuni ilitoa programu mpya ya kidhibiti, na hata waliokwisha kukumbwa waliisakinisha wakakuta mafaili yao yako palepale. Huku data imerudi, kule imepotea. Sioni tofauti katika hali ya chipu. Naiona katika mlango: kwenye m4 mlango wa kukifikia kidhibiti ulibaki wazi baada ya diski kugoma.

Fundi wa kuokoa data anautafuta mlango huo huo bila msaada wa kiwanda. Hugusanisha nukta mbili kwenye bodi ili kidhibiti kiamke bila kusoma programu yake iliyoharibika, akakipakia programu ya muda kutoka kwenye kifaa kama PC-3000 cha ACE Lab, akaijenga ramani upya, ndipo anakili data. Kila aina ya kidhibiti ina njia yake, na kila njia imegunduliwa na watu waliokaa kuchambua kitu ambacho mtengenezaji hakukieleza. Bei anayokutajia imebeba kazi hiyo. Akikwambia modeli yako bado haina njia, mara nyingi anakwambia kweli.

Tusichanganye hili na mafaili uliyoyafuta mwenyewe kwenye diski isiyogoma. Huko amri ya TRIM, inayoiambia diski ni vipande gani havihitajiki tena, na usafi wa ndani wa diski humaliza kazi haraka. Watafiti wawili wa Australia, Bell na Boddington, walionyesha mwaka 2010 kwamba SSD iliyofomatiwa ilianza kujisafisha yenyewe ndani ya dakika chache.

Upande wa watengenezaji una hoja nzito. Laptopu huibiwa, huuzwa mitumba, hutupwa. Njia ya fundi mwema ni njia ya mwizi pia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizifuta SSD kisha wakasoma chipu moja kwa moja, na diski moja iliyoripoti kwamba imefutwa salama ilikuwa na data yake yote. Ndiyo maana usimbaji ndani ya kidhibiti, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, umeenea: ukitupa ufunguo, diski nzima inageuka takataka kwa sekunde. Apple ilifika mbali zaidi. Tangu chipu yake ya usalama ya T2 ufunguo umefungwa ndani ya bodi ya Mac, na kuzing'oa chipu za data hakukusaidii kitu. Mwandishi wa habari anayelinda vyanzo vyake ana haki ya kushukuru.

Lakini hoja hiyo inalinda ufunguo. Hailindi siri ya jinsi kidhibiti kinavyofanya kazi, na hivi viwili vinauzwa kwetu kama kitu kimoja. Mwaka 2018 Carlo Meijer na Bernard van Gastel wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichambua SSD za Crucial na Samsung zilizodai kujisimba zenyewe. Katika baadhi yake nywila ya mwenye diski haikufungamana kabisa na ufunguo wa data. Aliyeweza kukibadili kidhibiti aliingia bila nywila. Mwaka uliofuata Microsoft iliacha kuzitegemea diski zenyewe katika mpangilio wa kawaida wa BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski. Siri ile haikumzuia mshambuliaji mwenye ujuzi. Iliowazuia ni mama mwenye picha za mazishi ya mumewe na fundi asiye na mwongozo.

Ningetaka ufunguo utokane na nywila ya mwenye data, na kidhibiti kilichopoteza ramani kikubali kusomwa tu, bila kuandikwa, kwa njia iliyoandikwa wazi. Mwizi ataambulia herufi zilizosimbwa. Mwenye nywila atapata vyake. Waranti za leo zinakupa diski mpya na mara nyingi zinataka urudishe ya zamani, ikiwa na kila ulichokuwa nacho ndani.

Kungoja nako kuna gharama. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango la sekta ya chipu, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, ikishamaliza uhai wake wa kuandikwa, itunze data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi joto 30. Diski changa hutunza muda mrefu zaidi, na joto hufupisha. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hupita nyuzi 30, na diski iliyowekwa kabatini kusubiri njia ya modeli yake igunduliwe inaendelea kuvuja chaji.