Mbuzi, Mwenye Timu na Kalamu: Nani Aliwaloga Cubs?

Tarehe 14 Oktoba 1908 yalitokea mambo mawili mjini Detroit. Uwanjani, mbele ya watazamaji 6,210 tu, Chicago Cubs waliwafunga Detroit Tigers na kutwaa ubingwa wa besiboli kwa mwaka wa pili mfululizo. Siku hiyohiyo waandishi wa michezo waliokuja kuripoti fainali, wakiwa wamechoshwa na viti vibaya walivyopewa, waliunda chama chao cha kitaifa, ambacho kipo hadi leo. Waandishi walipata chama. Cubs walisubiri ubingwa mwingine hadi tarehe 2 Novemba 2016, miaka 108.

Sadfa tu, lakini inatupa mahali pa kuanzia. Kwa zaidi ya karne moja kalamu na timu hii zimeishi kama chanda na pete. Hata jina Cubs, yaani watoto wa dubu, lilitoka gazetini: Chicago Daily News lililitumia mwaka 1902 kwa sababu kikosi kilijaa vijana, na klabu ikalikubali rasmi mwaka 1907. Ubishi unaoendelea hadi leo ni kama waandishi waliisaidia timu hii au waliidhuru. Upande mmoja husema waligeuza uzembe wa viongozi kuwa hadithi tamu ya laana, hivyo hakuna aliyewajibishwa. Upande wa pili husema bila hadithi hizo timu ingekosa watu. Pande zote mbili zina hoja, ila hazilingani uzito.

Tuanze na mbuzi mwenyewe. Tarehe 6 Oktoba 1945, mechi ya nne ya World Series, yaani fainali za ubingwa wa besiboli Marekani, mwenye baa mmoja mhamiaji kutoka Ugiriki, William Sianis, alikwenda Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na mbuzi wake na tiketi mbili. Mbuzi alikataliwa kwa sababu ya harufu, na inasimuliwa kwamba Sianis aliilaani timu. Kabla ya mechi hiyo Cubs waliongoza kwa ushindi 2 kwa 1. Walimaliza wakiwa wamefungwa na Detroit mechi 4 kwa 3, na hawakurudi World Series kwa miaka 71.

Hadithi tamu. Lakini fungua jedwali la mechi, lile lenye takwimu za kila mchezaji, uone kilichotokea. Mrushaji Hank Borowy alianza mechi ya tano tarehe 7 Oktoba. Kesho yake aliingizwa tena mechi ya sita na kurusha awamu nne kati ya tisa za kawaida. Tarehe 10 akapewa mechi ya saba, baada ya kupumzika siku moja tu. Wapigaji watatu wa kwanza wote walimpiga wakafika kituoni, kocha akambadilisha kabla hajamtoa nje mpigaji hata mmoja, na awamu ya kwanza ikaisha Detroit wakiwa na pointi 5. Mkono uliochoka hauhitaji mbuzi. Tena, kabla ya mwaka huo Cubs walikuwa wamekwisha kupoteza World Series saba: 1906, 1910, 1918, 1929, 1932, 1935 na 1938. Mbuzi alikuta msiba umeshaanza.

Basi laana iliingiaje magazetini? Wakati wa tukio lenyewe, mbuzi alikuwa kichekesho cha siku. Mwaka 1964 Sianis alihamisha baa yake kutoka magharibi mwa jiji hadi chini ya Michigan Avenue, hatua chache kutoka ofisi za magazeti makubwa ya Chicago. Waandishi walimaliza zamu, wakashuka ngazi, wakanywa na kula kwake. Mwenye baa alikuwa na kisa, wateja wake walikuwa na kurasa za kujaza. Ni tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo laana ikawa chakula cha kawaida cha safu za michezo.

Sababu nyingine ni ya kiufundi, na wanaowalaumu waandishi huisahau. Wrigley Field haukuwa na taa hadi Agosti 1988. Mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana. Gazeti la asubuhi lilikuwa na muda: mwandishi aliandika tukio kwa tukio mechi ikiendelea, mtuma simu za telegrafu akiwa kando yake, kisha baada ya mechi akatunga aya ya kwanza na kuibandika juu. Gazeti la jioni, kama Daily News, lilimfikia msomaji kesho yake mchana, naye ameshajua matokeo. Halikuweza kumuuzia matokeo tena. Lilibaki na maelezo, utani na visa. Timu inayofungwa mara kwa mara huishiwa maelezo mapya upesi, na hapo kisa cha mbuzi ni riziki.

Kalamu inaweza hata kubadili historia ya wachezaji. Mwaka 1910 Franklin P. Adams, mwandishi wa safu wa New York, aliandika shairi la mistari minane kuwahusu Tinker, Evers na Chance, walinzi watatu wa Cubs. Kwa anayejaza karatasi ya mechi, tukio lao ni tarakimu tatu, kila moja ikiwa namba ya nafasi ya mlinzi uwanjani: 6-4-3. Mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu anaokota mpira, anamrushia wa kituo cha pili, naye anaupeleka kituo cha kwanza. Watu wawili nje kwa mpigo mmoja. Walikuwa wazuri, lakini waliohesabu baadaye hawakuona kwamba idadi yao ya matukio hayo iliwazidi wote wa enzi yao. Hata hivyo mwaka 1946 wote watatu waliingia pamoja katika Ukumbi wa Watukufu wa besiboli. Mimi naamini shairi liliwabeba sehemu ya njia.

Sasa hoja nzito ya upande wa lawama. Philip K. Wrigley alirithi klabu mwaka 1932 na kuishika hadi kifo chake mwaka 1977. Jackie Robinson alivunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947. Cubs hawakumchezesha mchezaji Mweusi hadi Septemba 1953, alipoingia Ernie Banks. Kuanzia 1947 hadi 1962, misimu 16 mfululizo, timu haikushinda mechi nyingi kuliko ilizofungwa. Mwaka 1961 Wrigley alifuta cheo cha kocha mkuu na kuweka jopo la makocha wanaopokezana zamu. Msimu wa 1962 wakafungwa mechi 103. Wachezaji walikuwa wakiamka na bosi mmoja na kulala na mwingine. Mambo haya yote yaliandikwa, ila yaliandikwa kama vituko vya tajiri wa ubani wa kutafuna, si kama chanzo cha maradhi.

Aliyesema wazi alikuwa Mike Royko, mwandishi wa safu wa Chicago. Katika safu yake ya mwisho, Machi 1997, wiki chache kabla ya kufariki, aliandika kwamba aliyeilaani timu ni Wrigley na si mbuzi, na sababu kubwa aliyoitaja ni kuchelewa kuwasajili wachezaji Weusi. Royko mwenyewe alikuwa mteja mashuhuri wa baa ile, na kwa miaka mingi alikuwa amevuna vicheko vingi kutokana na mikosi ya Cubs. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 50 tangu Robinson.

Kuanzia 1981 mambo yalizidi kuchanganyika. Kampuni inayomiliki Chicago Tribune iliinunua klabu kwa dola milioni 20.5 na kukaa nayo hadi 2009. Gazeti kubwa la mji likawa linaripoti mali ya tajiri wake. Hakuna haja ya kudai kwamba wahariri waliamriwa. Inatosha kwamba msomaji hakuwa na njia ya kujua lini sifa ni sifa na lini ni biashara.

Hata hivyo utetezi una nguvu zake. Wanaosema Cubs walipendwa siku zote waitazame tarehe 21 Septemba 1966: Wrigley Field iliuza tiketi 530. Hadhi ya timu inayofungwa lakini inapendwa ilijengwa baadaye, na kalamu zilishiriki kuijenga, pamoja na televisheni. Mwaka 1984 watazamaji wa nyumbani walipita milioni 2 kwa mara ya kwanza.

Na timu mbovu huzaa wachunguzi wazuri. Jerome Holtzman wa Sun-Times aliona kwamba warushaji wa akiba wa Cubs, Don Elston na Bill Henry, walikuwa wakilinda uongozi wa wenzao bila kupata alama yoyote kwenye takwimu. Mwaka 1960 akapendekeza kipimo kipya, na mwaka 1969 kikawa takwimu rasmi. Leo mrushaji anayemaliza mechi huhesabiwa kuwa ameokoa ushindi akiingia timu ikiongoza kwa pointi zisizozidi 3 na kurusha angalau awamu moja, na zipo njia nyingine mbili za kustahili.

Lakini wahesabuji pia hukosea. Juni 1964 Cubs walimtoa mchezaji Lou Brock kwa St. Louis Cardinals wakamchukua mrushaji Ernie Broglio. Mwandishi mmoja wa Daily News aliwashukuru Cardinals kwa kejeli na kuwakaribisha waje tena kufanya biashara. Broglio alishinda mechi 7 tu akiwa Chicago. Brock alimaliza na mipigo salama 3,023 na vituo 938 alivyoiba, yaani alivyovikimbilia bila kungoja mpira upigwe.

Pale kisa cha mkosi kinapomdhuru mtu halisi, utetezi wote unaniishia. Tarehe 14 Oktoba 2003, katika mechi ya sita ya kuwania World Series, Cubs waliongoza 3 kwa 0, wamebakiza kuwatoa nje wapinzani watano tu. Shabiki mmoja aligusa mpira ambao huenda mchezaji wa Cubs angeudaka. Muda mfupi baadaye Álex González alishindwa kuumudu mpira mwepesi uliokuwa njia ya 6-4-3, na wapinzani wakafunga pointi 8. Kosa kubwa lilikuwa la mchezaji mwenye glavu. Gazeti la Chicago likachapisha jina la shabiki na mahali anapofanya kazi, na polisi wakalinda nyumba yake.

Miaka 13 baadaye, mechi ya saba dhidi ya Cleveland, lile la Borowy nusura lijirudie. Aroldis Chapman, mrushaji wa Cubs, alikuwa amerusha mara 42 katika mechi ya tano, mara 20 katika ya sita, ambapo aliingizwa timu ikiongoza kwa pointi 5, kisha akaitwa tena. Katika awamu ya nane Rajai Davis alimpiga mpira ukatoka nje ya uwanja, matokeo yakawa sare. Mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, kisha Cubs wakashinda 8 kwa 7 katika awamu ya kumi. Usiku ule, kabla mshindi hajapatikana, jukwaa la waandishi lilikuwa likimuuliza kocha Joe Maddon kwa nini alimchosha mrushaji wake. Mwaka 1945 swali hilohilo lilikuwepo mezani, ila baadaye kulijibu akaachiwa mbuzi.