Waziri Hakuwepo Shinyanga

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa usalama waliotumwa kuchunguza mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi walikuwa wamewakamata watu, wakawatesa, na baadhi yao wakafia mahabusu. Hakuna aliyedai kuwa Mwinyi alishika rungu. Alikuwa Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kutoka huko. Waliondoka naye Peter Siyovelwa, waziri aliyesimamia usalama katika Ofisi ya Rais, pamoja na wakuu wa mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga.

Kila likitupata janga, kisa hiki hutolewa kabatini kama fimbo ya kuwachapia mawaziri wa leo. Na kila kikitolewa, jibu huwa lile lile: kwani yeye ndiye aliyekuwa anaendesha kile kivuko? Akijiuzulu ndiyo wafu watafufuka? Abaki arekebishe.

Wanaojibu hivyo wana hoja, tena nzito kuliko tunavyowapa. Waziri wa Mambo ya Ndani haamuru kikosi; mkuu wa polisi huteuliwa na Rais na ndiye anayemsikiliza. Mwaka 1977 waziri aliondoka, Rais Nyerere aliyemteua akabaki. Tena kuondoka kwake hakukuzuia lililoanzisha yote. Usukumani vikongwe waliendelea kukatwa mapanga kwa miongo kadhaa baadaye, wengine kosa lao likiwa macho mekundu waliyopewa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe jikoni. Kwa familia za watu hao, barua ya waziri haikubadilisha usiku hata mmoja.

Halafu kuna hili la alikoangukia. Mwinyi alipelekwa ubalozini Misri, akarudi kwenye uwaziri, Januari 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akaingia Ikulu ya Muungano. Miaka minane na ushee kutoka barua ya kujiuzulu hadi kiapo cha urais.

Miaka hiyo minane naiona imefanya madhara. Imefanya kisa chenyewe kisimuliwe kama hadithi ya thawabu: wajibika, utalipwa. Hiyo ni bahati nasibu. Walioondoka walikuwa wanne, aliyepata urais ni mmoja. Kisumo alibaki mzee wa chama anayesikilizwa, hadi akaongoza Baraza la Wadhamini la CCM. Majina ya wawili waliobaki leo ukiyataja kwa kijana wa chuo atakuuliza ni akina nani.

Njoo karibu zaidi, usiku wa tarehe 20 Desemba 2013. Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili wa tembo, ilikuwa imeacha nyuma yake watu waliouawa, waliopigwa na mifugo iliyoteketea, na kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikayasoma hayo mbele ya wabunge. Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama akatangaza kujiuzulu. Wenzake watatu, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo, uteuzi wao ulitenguliwa na Rais Kikwete. Mwaka 2015 Kagasheki alipoteza ubunge wa Bukoba Mjini. Nchimbi, ambaye hakuandika barua, alipita kwenye ubalozi, Misri ikiwemo, akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2024, na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Wizara ile ile ya Mwinyi, aina ile ile ya operesheni, hata Cairo ile ile. Ukipima kwa cheo, basi aliyejiuzulu na aliyeondolewa hawana tofauti, na pengine aliyejiuzulu ndiye aliyepata hasara.

Kwa hiyo tuache kupima kwa cheo.

Anayejua ofisi za serikali anajua jalada linavyopanda. Kituoni mtu amekufa usiku, mgongo wote umechanika. Dokezo la kwanza linaandika kwamba mtuhumiwa alizidiwa ghafla. Wilayani linafupishwa. Mkoani linaunganishwa na mengine matano, na juu yake inawekwa sentensi kwamba kwa ujumla hali ni shwari na kazi inaendelea vizuri. Likifika mezani kwa waziri, ule mgongo haumo tena. Waziri anasaini, tena kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana "sikujua" ya mawaziri mara nyingi ni ya kweli, na ndiyo maana haitoshi. Kutojua kwake kuna watu waliokutengeneza, wakiongozwa na kile walichoamini bosi anapenda kusikia. Nani aliwafundisha kwamba anapenda kusikia takwimu za waliokamatwa kuliko jinsi walivyokamatwa?

Swali hilo halijibiki mtu akiwa bado amekaa kwenye kiti. Waziri aliyebaki "arekebishe" huanza kurekebisha jalada: huunda tume, na tume inaripoti kwake, huwahoji walio chini yake ambao kesho yake watahitaji saini yake ili wapande vyeo. Aliyetoka anaiacha wizara bila mwavuli. Baada ya 1977 baadhi ya maofisa wa yale mateso walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Sidai kuwa barua ya Mwinyi ndiyo iliyowafunga, lakini ni vigumu kuona ofisa wa mkoa akishtakiwa kwa kutekeleza operesheni ambayo waziri wake bado anaitetea bungeni.

Watetezi wa kubaki wanachokosea ni kudhani kuwa kujiuzulu ni kukiri hatia. Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond, alilieleza Bunge kwamba ameonewa, na kwamba kamati teule ya Harrison Mwakyembe haikumwita imsikilize. Lalamiko hilo lilikuwa na uzito; mtu kutajwa kwenye ripoti bila kuhojiwa si haki. Lakini aliondoka na lalamiko tu. Hatukusikia ofisi yake ilikuwa na kasoro gani iliyoruhusu kampuni isiyo na uwezo kupewa kazi ile wakati taifa liko gizani. Miaka saba baadaye, akigombea urais kupitia Chadema, bado alikuwa akiulizwa Richmond.

Visiwani kuna mfano usiotajwa sana. Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander na mamia ya watu wakafa. Waziri wa mawasiliano na miundombinu wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, akabaki. Julai 2012 ikazama MV Skagit, akajiuzulu. Unaweza kusema alichelewa. Mimi naona ya mwaka mmoja yalimfundisha kitu ambacho wengi hawafundishiki hata kwa ajali tano.

Je, Mwinyi alikua kwa lile lililompata? Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana alipofariki tarehe 29 Februari 2024 tulimsifu kwa jumla jumla. Mwaka 1990, akiwa Rais, aliwataka mawaziri wake wote wajiuzulu, akaliunda upya baraza. Mtu aliyewahi kuandika barua ile alijua uzito wa anachokidai. Lakini kufikia 1994 misamaha ya kodi ilikuwa imefika mahali wahisani wakazuia misaada, na ilibidi Nyerere atoe kitabu kizima akitaka Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama Horace Kolimba wawajibike kwa mkanganyiko wa hoja ya serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), ndipo mwishoni mwa mwaka ule baraza likavunjwa. Mpole yule aliyejihukumu haraka alipata tabu kuwahukumu rafiki zake. Alichojifunza kuhusu nafsi yake hakikuhamia chote kwenye namna alivyowasimamia wengine, na sioni kama hilo linapunguza thamani ya 1977.

Leo hatuna barua za kujadili. Tuna taarifa ya Ikulu inayotoka saa tano usiku: Rais ametengua uteuzi wa fulani, nafasi yake itajazwa na fulani. Sababu haitajwi. Aliyetenguliwa hapati nafasi ya kusema alikosea wapi wala kujitetea, na miezi michache baadaye tunasoma kwamba ameteuliwa kwingine, nako sababu haitajwi. Wanaosema utaratibu huu unalinda heshima ya mtu wana ukweli wao, na Lowassa angewaunga mkono kwa machungu yake. Ila mkuu wa kituo cha polisi huko Maswa au Kahama anayesoma taarifa hiyo kwenye simu hawezi kujua kama bosi wake ameondolewa kwa sababu ya mtu aliyefia mahabusu au kwa sababu ya siasa za chama, na kesho ana dokezo la kuandika. Sentensi moja ya sababu katika taarifa ile ingemsaidia kuchagua maneno.