Karakana Iko Mtaani, Kilicho Mbali ni Darasa

Hoja inayorudiwa mara nyingi dhidi ya mafunzo ya ufundi kwa njia ya mtandao ni kwamba ufundi ni kazi ya mikono, na mikono haifundishwi kwa kioo cha simu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inamfikiria mwanafunzi wa aina moja tu: kijana aliyemaliza kidato cha nne, asiyewahi kushika koleo, anayesubiri chuo kimfungulie mlango wa karakana. Kwa mtu mzima aliyefunga umeme majumbani kwa miaka kumi bila cheti, hali ni kinyume kabisa. Karakana anaingia kila siku. Darasa ndilo lililo mbali naye.

Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel Tanzania, ilizindua VSOMO, programu iliyomwezesha mtu kujisomea nadharia ya kozi fupi za ufundi kwenye simu yake. Aliyemaliza nadharia na kufaulu alipaswa kwenda kwenye chuo cha VETA kwa mafunzo ya vitendo, na hapo ndipo alipostahili cheti. Wanaoupinga utaratibu wa namna hii huuzungumzia kana kwamba mtu anapewa ufundi kwa kubofya majibu, ilhali hatua ya vitendo haikuondolewa. Kilichohamishwa ni sehemu ile ambayo hata chuoni hufanyika mbele ya ubao.

Sehemu hiyo si ndogo. Chukua kosa moja linalojulikana kwa kila mkaguzi wa umeme: swichi ya taa kukatizwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Taa inawaka na kuzimika vilevile, mwenye nyumba anaridhika, fundi analipwa. Lakini holda ya balbu inabaki na umeme wa volti 230 hata swichi ikiwa imezimwa, na anayepanda juu ya stuli kubadilisha balbu hana habari. Mikono haiwezi kumfundisha fundi kosa hili kwa sababu kazi yenyewe haimwonyeshi kwamba amekosea. Anaweza kulirudia miaka ishirini na kumrithisha msaidizi wake. Vivyo hivyo fundi aliyejifunza kwa kutazama anaweza kuuona waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kuwa ni gharama ya ziada, kwa kuwa nyumba inawaka bila huo waya. Mambo haya hurekebishwa na maelezo, mchoro na swali la kujipima, na yote matatu yanaingia kwenye simu bila kupoteza kitu.

Kuna pia suala la muda, ambalo naona halipewi nafasi linayostahili. Kozi ndefu za ufundi stadi zina ngazi tatu, na kila ngazi huchukua takribani mwaka mmoja. Tunapomwambia fundi mwenye watoto wanne aende chuo, tunahesabu ada na nauli, kisha tunashangaa kwa nini haendi hata ada ikipunguzwa. Hatuhesabu wateja. Fundi wa mtaani hana mshahara wa kusubiri wala mwajiri wa kumshikia nafasi. Ana namba ya simu iliyohifadhiwa na watu wa mtaa wake, na mteja aliyepiga mara mbili asimpate humtafuta mwingine, naye huyo mwingine ndiye atakayeitwa siku zote. Mwaka mmoja wa kukosekana unaweza kufuta jina lililojengwa kwa miaka kumi. Akirudi na cheti hukuta ujuzi wake umethibitishwa na riziki yake imehama. Mwanamke anayeshona nyumbani huku akilea ana hesabu hiyohiyo, pengine nzito zaidi. Saa moja ya kusoma usiku, baada ya kazi, kwa watu hawa ndiyo njia pekee iliyo wazi.

Upande wa pili una hoja ambazo simu haiwezi kuzijibu. Kiungo cha waya kilicholegea hupata joto na kinaweza kuunguza nyumba, na kiasi cha kukaza skrubu mtu hukijua kwa mkono wake, chini ya jicho la mwalimu anayemwambia arudie. Video hula bando, na bando ni fedha ya siku. Mtihani wa simu unaweza kufanywa na mtu mwingine. Zito kuliko yote ni kwamba mtaa hufundisha pia tabia mbaya, na mikono iliyozoea njia ya mkato haibadiliki kwa kusoma tu.

Lakini hoja hizi, zikichunguzwa, zinadai vitendo visimamiwe vizuri; hazidai nadharia irudi darasani. VETA tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao hupima mafundi kwa kazi wanazofanya na kuwaongezea wanachokosa. Utaratibu huo ukiunganishwa na masomo ya simu, mkufunzi hatapoteza siku za karakana akieleza nyutro ni nini. Atamtazama mwanafunzi akifunga saketi, atamwambia afungue, afunge tena. Siku hizo za vitendo zikipangwa Jumamosi na Jumapili, fundi hatalazimika kuzima simu yake siku za kazi.

Anayebaki nje ya mpango huu ni yule asiye na karakana mtaani wala chuoni, hasa msichana ambaye hakuna gereji iliyokubali kumpokea. Kwake masomo ya simu hayatoshi. Anahitaji kwanza apate fundi wa kumshika mkono, na gharama ya kumtafutia fundi huyo lazima iwemo kwenye bajeti ya mafunzo ya mtandao tangu siku ya kwanza.