Maada ya giza: tuendelee kuisubiri wimpi au tuigeukie aksioni?

Kwamba maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila kwa mvuto wake, ipo, wanafizikia walio wengi hawabishani tena. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walionyesha kuwa sehemu za pembezoni za galaksi ya Andromeda huzunguka kwa kasi isiyolingana na uzito unaoonekana. Vipimo vya setilaiti ya Planck navyo vinaipa takriban asilimia 27 ya ulimwengu wote, atomi zikiambulia 5 tu. Ubishi uliobaki ni imeundwa na nini.

Kipenzi cha wengi kwa miaka mingi kimekuwa wimpi, chembe nzito isiyogusana na maada ya kawaida ila kwa nadra. Hesabu ndizo zilizoipendekeza: chembe ya aina hiyo, ikizaliwa katika joto la mwanzo wa ulimwengu, ingebaki kwa kiasi kinachokaribia tunachokipima leo. Basi mitambo ya kuitafuta ikajengwa. LUX-ZEPLIN, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, hutumia tani 7 za zenoni, gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, kusubiri wimpi igonge kiini cha atomi. Hadi leo hakuna kitu. (Jaribio la DAMA la Italia hudai kuiona, lakini majaribio ya ANAIS na COSINE-100, yenye fuwele za aina ileile, hayakuiona; kwangu shauri hilo limekwisha.)

Aksioni, chembe nyepesi mno ambayo nayo huenda ndiyo maada ya giza, ina asili nyingine kabisa. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn walikuwa wakitafuta kwa nini nyutroni haionyeshi mpangilio wa umeme (chaji chanya upande mmoja, hasi upande wa pili) ambao nadharia inauruhusu. Chembe ikajitokeza ndani ya jibu lao. Hilo ndilo linalonivutia: aksioni haikubuniwa ili kueleza maada ya giza; vazi halikushonwa kwa ajili ya mwili huu, na bado linaukaa.

Watetezi wa wimpi watasema ukimya si kifo, maana wimpi nyepesi bado hazijachunguzwa vya kutosha. Ni kweli. Na aksioni nayo ina kichaka chake cha kujifichia: uzito wake unaweza kuwa popote katika masafa mapana mno, na mtambo wa ADMX wa Seattle umepekua kipande chembamba tu.

Kinachonielemeza upande mmoja ni nyutrino za Jua, chembe hafifu zinazomiminika kutoka humo. Mwaka 2024 mitambo mingine ya zenoni, XENONnT na PandaX-4T, ilitangaza dalili za kuzihisi, na migongano yake hufanana mno na ya wimpi, hivyo inaweza kuificha. Kuanzia hapo, kila tani ya zenoni inayoongezwa huleta faida inayopungua. Fedha mpya ningezipeleka kwenye aksioni, huku mitambo ya zenoni iliyopo ikimaliza kazi iliyoianza.